Viazi vya Hallbera

Jumatatu, 18 Novemba

Jua limetuaga leo. Saa sita na kitu lilipita juu ya bega la mlima, likagusa paa la duka na nusu ya uwanja wetu wa shule, kisha likazama. Hatutaliona tena mpaka mwishoni mwa Januari; huku kaskazini majira ya baridi hulificha nyuma ya milima. Niliwaachia darasa la tatu watoke mpaka kwenye ngazi na soksi zao za sufu, jambo ambalo mkuu wa shule halipendi, nami sijali. Nimefundisha hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi na sijamnyima mtoto hata mmoja nafasi ya kuliaga jua.

Walipunga mikono. Wengine walipiga kelele, "Kwaheri!" Hallbera akasema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya ghuba, "Angalieni, lenyewe limefunga shule leo! Sisi mpaka tarehe ishirini ya mwezi ujao!"

Huyo ni Hallbera. Ana miaka minane, ana pengo mbele, na mdomo wake hauna breki.

Kila mwaka naanza kuandika siku hii na naacha siku tunapofunga kwa Krismasi. Giza likiwa refu namna hii, mtu anahitaji mahali pa kunung'unikia.

Jumanne, 19 Novemba

Barafu njia nzima ya kanisani. Nimeanguka. Hakuna aliyeniona ila mbwa wa jirani, naye ni msiri.

Ijumaa, 22 Novemba

Tumeingia hesabu za mara saba. Ketil amelia. Ketil hulia akikosa, na akipata hulia pia kwa sababu alikuwa ameshajiandaa kukosa. Nikimwita mbele natanguliza kitambaa kwanza, ndipo chaki.

Tulipofika saba mara nne mlango ukafunguka, Hallbera akaingia na theluji kichwani, glavu moja nyekundu na nyingine ya buluu.

"Umechelewa," nikamwambia.

"Sijachelewa, Oddny. Ninyi ndio mmewahi."

Darasa zima likacheka, na Ketil akaacha kulia ili acheke. Nikamuuliza kazi ya nyumbani iko wapi, akasema ipo nyumbani, si ndiyo maana inaitwa kazi ya nyumbani? Nikamweka karibu na meza yangu siku nzima. Nilichopata ni masikio kuuma.

Jioni nilimpigia mama yake simu, mara mbili, hakupokea. Svandis alikuwa mwanafunzi wangu zamani, mtoto mkimya mwenye mikono mizuri, na sasa analea huyu peke yake. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nikasema peke yangu jikoni, na nikajiona nimesema neno.

Jumanne, 26 Novemba

Upepo. Tumekaa ndani mapumziko yote mawili. Sina la kuongeza.

Ijumaa, 29 Novemba

Asubuhi huwa tunazima taa, tunawasha mshumaa mmoja mezani, kila mtoto anapewa kijiko chake cha mafuta ya ini la samaki, halafu mmoja anawasomea wenzake. Leo ilikuwa zamu ya Hallbera, katika hadithi ya zimwi lililochelewa kurudi pangoni, likakutwa na mwanga wa jua likageuka jiwe.

Nimesikia watoto wengi wakisoma. Huyu alikuwa zimwi hasa. Alikohoa kama zimwi, akajikuna kama zimwi, na alfajiri ilipolikuta akanyamaza, akakodoa macho, asipepese, mpaka Ketil akaenda kumgusa bega kuhakikisha. Nilisahau kutazama saa, na mapumziko yakachelewa kwa kosa langu.

"Umejifunza wapi kusoma hivyo?" nikamuuliza.

"Namsomea mama kila jioni. Siku hizi hajisomei, anachoka."

Nikawaza: anachoka kwa lipi, na kazi zote za nyumba hiyo zinaonekana kufanywa na mtoto? Nilikuwa nimemkasirikia na nikaona raha kumkasirikia.

Jumatano, 4 Desemba

Kuogelea. Bwawa letu liko nje, na maji yake hutoka ardhini yakiwa ya moto; theluji ilikuwa ikidondoka juu ya vichwa, kila mtoto akaonekana ana kofia nyeupe. Hallbera hakuja na vazi la kuogelea. Alisema lake limesinyaa kwa baridi. Akavaa la akiba la shule, kubwa mno, akafunga fundo mabegani akaendelea na maisha yake.

Ketil haelei. Nimejaribu tangu Septemba. Leo Hallbera alimwekea mkono chini ya mgongo, akamnong'oneza mambo ambayo sikuyasikia, na Ketil akawa amelala juu ya maji anachekea mawingu.

"Ulimwambia nini?"

"Nilimwambia ukicheka unajaa hewa, ukilia unajaa maji. Halafu nikamsimulia ulivyoanguka njia ya kanisani."

Kumbe mbwa wa jirani si msiri hata kidogo. Lakini Ketil anaelea.

Jumatatu, 9 Desemba

Theluji mpaka dirishani. Saba mara nane bado inawashinda watatu.

Jumatano, 11 Desemba

Siku ya mkate wa majani. Wazazi na mabibi walijaa kwenye chumba cha kulia, kila mtu na kisu chake kidogo. Jorunn, mpishi wetu, alisukuma unga mwembamba hadi ukiushika juu unauona mkono wako upande wa pili, na tukaanza kuchonga majani, nyota na herufi kabla ya kukaanga. Nyumba ilinuka mafuta na furaha. Watoto waliimba vibaya na kwa nguvu.

Hallbera alichonga peke yake. Alichonga wake, kisha akachonga mwingine, akasema, "Huu wa mama. Ana kazi nyingi, hakuweza kuja."

Hapo zamani wanawake wazima walikuwa wanasimama nyuma ya Svandis kumtazama akichonga. Nilimuuliza Jorunn ni kazi gani hiyo isiyompa mtu saa moja kwa ajili ya mwanawe.

Jorunn alikuwa na uso mwekundu kwa moto wa sufuria. Hakuniangalia. "Kazi gani, Oddny? Hajakanyaga kiwanda cha samaki tangu Oktoba. Mapazia hayafunguliwi. Dada yangu alibisha wiki iliyopita, akasikia mtu akitembea ndani, na mlango haukufunguliwa."

Mafuta yakaanza kuungua, akageuka. Nikabaki na kisu mkononi na mkate uliochanika.

Alhamisi, 12 Desemba

Wameanza kushuka mlimani. Jamaa kumi na watatu wa hadithi, wana wa zimwi Gryla, kila mmoja na utundu wake, mmoja kila alfajiri hadi Krismasi, akiacha zawadi kiatuni kwa mtoto. Watoto wameweka viatu madirishani usiku na asubuhi hii hakuna aliyeweza kukaa kitini. Huyu kapata chenza, yule kapata penseli, mwingine farasi mdogo wa plastiki ambaye tayari amevunjika mguu.

"Na wewe, Hallbera?"

Akapanda kiti. Akaingiza mkono mfukoni kwa madaha, akatoa kiazi.

"Kiazi!" darasa likapiga yowe. Hapa kila mtoto anajua kiazi ni cha nani. Ni cha mtukutu.

"Mtukutu nambari moja wa kijiji kizima," akasema, akiinama kama mtu anayepigiwa makofi. "Nikifikisha kumi na vitatu napika supu. Ninyi na farasi wenu mtakuja kuniomba."

Walicheka hadi wakalala mezani. Nami nilicheka, nikamwambia huenda jamaa wa mwaka huu ana macho mazuri.

Ijumaa, 13 Desemba

Kiazi tena. Sasa wengine wanamwonea wivu. Mmoja ameniuliza afanye kosa gani hasa ili naye apate.

Jumatatu, 16 Desemba

Leo jamaa wa kukwangua masufuria. Ketil alifika macho yamevimba. Jana alimuuma dada yake, na asubuhi kiatuni kulikuwa na kiazi. Kiazi halisi, cha baba yake, ninavyomjua baba yake. Alikaa chini ya meza ya rangi, na hakuna chenza wala bembelezo lililomtoa.

Hallbera akaingia chini ya meza. Mimi nilikuwa nyuma ya kabati natafuta gundi, wakanisahau.

"Acha kulia. Nionyeshe," akasema. "Ah, kizuri. Kigumu. Mimi ninavyo vitano."

"Mi ni mbaya."

"Si mbaya, umeuma mtu tu. Sikiliza. Huyo jamaa alishuka mlima mzima na theluji hii, akaja mpaka dirishani kwako, akakiona kiatu chako. Aliyekuletea kiazi amekuja, Ketil. Kibaya ni asipokuja mtu."

Akatoka naye kamshika mkono. Mimi nilibaki nyuma ya kabati na gundi yangu.

Mchana nilipeleka sahani jikoni. Jorunn akaniuliza, "Majaribio yako ya sayansi yanaendeleaje?"

"Majaribio gani?"

"Ya viazi. Tangu Jumatano Hallbera ananiomba kiazi kibichi kimoja kila akirudisha sahani. Anasema cha darasa. Ijumaa aliomba vitatu, vya Jumamosi, Jumapili na leo. Nikasema huyu Oddny kawa mtu wa sayansi uzeeni."

Tukatazamana. Jorunn alivua aproni, akaikunja, akaivaa tena.

Hakuna jamaa anayeleta kiazi nyumbani kwa Svandis. Hakuna mtu anayeleta kitu. Mtoto anajiwekea mwenyewe.

Na mimi nilisema jamaa wa mwaka huu ana macho mazuri.

Jumanne, 17 Desemba

Wenzake walipotoka, nilimwomba Hallbera anisaidie kukwangua nta mezani. Tulikwangua muda. Kisha nikamwambia kwamba nimezungumza na Jorunn.

Hakushtuka. Alilimbikiza nta kwenye ukucha. "Ameninyima?"

"Hajakunyima. Chukua kama kawaida. Nataka kujua tu, Hallbera. Kwa nini kiazi? Ungeweza kumwomba chenza."

Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa saba mara moja. "Nikipata chenza wataniuliza la aina gani, na kama lilikuwa na karatasi, na mama alisema nini. Kiazi hawaulizi. Wanacheka." Halafu akasema, taratibu, "Na kiatu kikiwa kitupu ina maana hakuna aliyekuja. Kikiwa na kiazi kuna aliyekuja, ila kakasirika."

Nikamuuliza kuhusu mama. Akasema mama si mgonjwa, giza limemwingia. Mwaka jana pia lilimwingia lakini kidogo. Anaamka, anakaa, analala. Anakula akilishwa. Anamsikiliza akisoma na mara nyingine anatabasamu mahali pa zimwi.

"Usimwambie habari ya viazi, Oddny. Atalia. Akilia ndiyo hainuki kabisa."

Niliahidi. Sijui kama nilifanya vyema, ila niliahidi.

Nimewafundisha watoto wa kijiji hiki ujasiri kwa kutumia vitabu vya mashujaa wenye mapanga. Kumbe shujaa alikuwa meza ya pili, na glavu za rangi mbili.

Mkuu wa shule alinikuta kwenye korido. Naye amesikia habari za Svandis, na kijiji chetu ni kidogo. "Likizo ni zaidi ya wiki mbili," akasema. "Ni nani atakayemwona huyu mtoto? Ijumaa kabla hatujafunga uniambie, Oddny. Nawapigia ustawi wa jamii au siwapigii."

Akipiga, mtoto atapelekwa kwa shangazi yake huko kusini, Krismasi hii hii, na Svandis atabaki na mapazia yake. Asipopiga, mtoto atakaa gizani wiki mbili akijiletea viazi. Mkuu si mtu mbaya. Ana haki ya kuuliza.

Nilirudi jikoni nikamwambia Jorunn nimeamua. Alfajiri nitapita pale na kujaza kile kiatu mpaka kisifungike kamba.

"Utajaza kesho," akasema. "Na keshokutwa? Na mwakani?"

"Nitajaza tu."

"Mama yake yumo mle ndani, Oddny. Hajafa. Usimruke dirishani kama mwizi. Pita mlangoni."

Ni mpishi mwenye kiburi na mara nyingi chumvi yake huzidi. Leo haikuzidi.

Jumatano, 18 Desemba

Jamaa wa leo ni yule wa kubamiza milango, na hakuna mwaka aliofanya kazi yake vizuri kuliko huu. Dhoruba ilianza saa mbili. Saa tano barabara ilifungwa kwa hofu ya maporomoko ya theluji, na saa sita tuliambiwa tuwarudishe watoto. Wazazi walikuja na tochi za kichwani wakawafunga kamba viunoni. Wa Hallbera hakuja mtu. Aliomba kiazi chake, akavaa ovaroli yake ya theluji, akaniambia, "Mi najua njia."

"Na mimi naijua," nikasema. "Nipe mkono."

Tulitembea kwa kushika ua mmoja hadi mwingine. Hatukuweza kuongea, na ni mara ya kwanza nimemwona yule mtoto akinyamaza njia nzima. Mlangoni alijaribu kuniaga. Nikaingia naye.

Ndani kulikuwa na joto, na giza. Palikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Sahani zimeoshwa na mtu asiyefikia kabati, kwa hiyo zimepangwa sakafuni kwenye taulo. Svandis alikaa kwenye kochi na koti begani, miguu imekunjwa. Alikuwa amekonda. Aliponiona alijaribu kusimama, kama wanavyosimama wanafunzi, na hilo ndilo lililoniuma.

"Oddny. Sikujua kuna dhoruba."

Hallbera akaenda kuchemsha maji. Nilikaa. Kwenye dirisha la jikoni kiatu kilikuwa pale, na pembeni yake viazi saba vimepangwa mstari, vidogo, vyekundu, vimesuguliwa vinang'aa. Nilitazama kwingine haraka. Sikutazama kwa haraka ya kutosha.

"Unaangalia nini?" Svandis akauliza.

"Kiatu."

Naye akakitazama. Nilimwona akitazama kiatu, kisha viazi, kimoja baada ya kingine. Sijui alikuwa hajawahi kuviona au alikuwa hajawahi kuvitazama. Nami nilikuwa nimeahidi, nikauma ulimi.

Nikasema mambo mengine. Nilisema daktari yuko kituo cha afya kesho, barabara ikifunguliwa au isipofunguliwa, kwa sababu amekwama huku huku. Nitakuja kumchukua saa nne. Akasema labda. Nikasema si labda, Svandis, saa nne. Akasema amechoka tu, jua likirudi atakuwa sawa. Nikasema jua litarudi mwisho wa Januari na mtoto anakua leo.

Nilisema kwa ukali. Ndiyo tabia yangu na siku nyingine hunisaidia.

Aliniangalia bila hasira. "Unadhani sijui? Kila asubuhi najiambia nitaamka nimsuke nywele. Namsikia anavaa. Namsikia anafunga mlango polepole asiniamshe, na mimi niko macho, Oddny. Niko macho muda wote. Mwili hauji."

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Mwezi mzima nilikuwa nikimhukumu mwanamke huyu kutoka jikoni kwangu. Nilikunywa chai iliyokuwa na sukari kupita kiasi, ya mtoto, nikamshukuru mpishi wake mdogo, nikatoka. Nilifunga mlango polepole. Upepo ukaubamiza.

Alhamisi, 19 Desemba

Saa nne nilibisha. Nikabisha tena. Nikasema jina langu kwa sauti na jina lake. Ndani mtu alitembea mpaka karibu na mlango, akasimama. Nilimsikia akipumua. Haukufunguliwa.

Nilirudi shuleni nikiwa nimeshindwa. Darasa likaimba mara saba yote bila kosa, hata Ketil, bila chozi, na nilipaswa kufurahi.

Mchana Jorunn alinivuta kando. "Leo hakuomba."

Nilimkuta Hallbera kwenye ngazi anavaa viatu. Nikamuuliza kwa nini hakuchukua kiazi cha kesho.

"Nataka kuona," akasema.

"Kuona nini?"

"Kuona tu." Alivuta zipu hadi kidevuni. Mdomo wote ule, na leo maneno mawili. Alishuka ngazi, akageuka. "Na wewe usije kuweka. Nitajua. Wewe una nyayo kubwa."

Kwa hiyo kesho, siku tunayofunga, ataamka aangalie kiatu ambacho hakujiwekea kitu. Ningeweza kutembea kinyumenyume. Ningeweza kuazima viatu vya Jorunn. Nimevaa koti mara mbili na kulivua mara mbili. Ni yeye ameamua, na ameniomba. Nimewahi kuwaambia wazazi wengi kwamba kumpenda mtoto ni kumwachia, na sijawahi kujua ninasema nini.

Ijumaa, 20 Desemba

Mkuu alinisubiri mlangoni. "Leo ndiyo leo, Oddny."

"Mpaka saa sita," nikasema.

Watoto walikuja wamependeza, mashati yamepigwa pasi, nywele zimelowa maji. Kila mmoja na mshumaa wake na chenza lake. Katika chumba cha kulia mti wa Krismasi ulikuwa umewashwa taa. Tulishikana mikono tukaanza kuuzunguka, wadogo ndani na wakubwa nje. Darasa la tatu lilikuwa na nafasi moja wazi upande wa Ketil. Watoto walitaka kuiziba, Ketil akakataa. "Hiyo ya Hallbera," akasema, na akazunguka mti mzima mkono mmoja ameunyoosha hewani.

Tulizunguka wimbo wa kwanza. Tulizunguka wa pili. Nilikuwa naimba huku natazama mlango.

Aliingia wimbo wa tatu ukiisha. Gauni lilikuwa fupi, la mwaka jana. Nywele zilikuwa zimesukwa. Vibaya kidogo, upande mmoja juu kuliko mwingine, lakini zimesukwa. Watoto wakapiga kelele, "Umepata nini? Umepata nini?" Akainua mkono juu.

"Kiazi!"

Wakacheka, wakapiga makofi, mtukutu nambari moja. Mimi sikucheka. Nikajua ameamka alfajiri, ameona kiatu kitupu, amechukua kimoja cha zamani ili aje nacho.

Tulipokaa darasani kuwasha mishumaa, alikuja akajibanza ubavuni kwangu, akakitia mkononi mwangu chini ya meza.

"Pima," akanong'ona.

Kilikuwa kizito. Nikainamisha kichwa nikatazama. Vyote vya Jorunn ni vidogo vyekundu, vya bustani yake. Hiki kilikuwa cheupe, kikubwa kama ngumi ya baharia, na karatasi ndogo ya bei bado imekigandia.

"Hiki sikukiweka mimi," akasema. "Cha dukani hiki. Alikwenda dukani, Oddny. Jana jioni nilikuwa naoga. Viatu vyake vilikuwa vimelowa."

Sikuweza kuanzisha wimbo. Watoto wakaanza bila mimi.

"Usimwambie kuwa najua," akaninong'oneza sikioni. Pumzi yake ilinuka chenza. "Anadhani nadhani ni jamaa. Mwache afurahi."

"Sitamwambia."

Nikauliza mama yuko wapi sasa. Akaonyesha korido kwa kidevu, nikatoka.

Svandis alisimama kati ya ovaroli zilizotundikwa, amevaa koti, mkono mmoja kashika ndoano. Alikuwa ametoka jasho kama mtu aliyepanda mlima. Mkuu alikuwa mwisho wa korido, akanitazama, nikamwashiria asubiri.

"Ile saa nne ya jana," Svandis akasema. "Nilifika mpaka mlangoni."

"Nilikusikia."

"Imeshapita, sivyo?"

"Imepita. Ipo ya leo, daktari bado amekwama hapa. Nikitoka humu tunakwenda wote, na Jorunn atakaa na mtoto. Na likizo nzima nitakuja kila siku, ukifungua usipofungua. Nitakaa kwenye ngazi zako nile mkate wangu."

Akatikisa kichwa kukubali. Si jambo kubwa, kutikisa kichwa, lakini mkuu aliliona, akaingia ofisini kwake taratibu na simu hakuigusa. Bado tutahitaji watu wa ustawi, wa kusaidia, si wa kuchukua. Hilo nitamwambia mwenyewe.

Kutoka darasani walisikika wakiimba, na sauti moja juu ya zote, ya zimwi.

"Nilisimama dukani muda mrefu," Svandis akasema. "Kulikuwa na chokoleti. Kulikuwa na wanasesere. Nikaviangalia, nikarudi kwenye viazi. Chokoleti ingemwambia kwamba nimegundua. Kwamba najua ni yeye aliyekuwa akiweka." Alifuta uso kwa mkono wa koti. "Nikaona nichague kikubwa basi. Kikubwa kuliko vyote."

"Nimekiona. Ni kikubwa kweli."

"Usimwambie ni mimi, Oddny. Mwache aamini kuna aliyekuja."

"Sitamwambia," nikasema, kwa mara ya pili asubuhi ile.